CHETI UKUTANI, ULIMI MFUKONI

Najua wapo watakaonikodolea macho na kuuliza, "Kwani Kichina kinatafuta nini katika jarida la Kiswahili?" Nawaomba subira. Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Haya nitakayoyasema yanaanzia kwa Mchina lakini yanaishia kwetu sisi wenyewe.

Sisi wa Miritini hatuna haja ya kuonyeshwa Uchina kwenye ramani. Uchina ilitujia hadi mlangoni. Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ilizinduliwa hapa hapa, na ile stesheni kubwa ambayo abiria wa Nairobi huiita Mombasa, iko kwetu Miritini. Reli yenyewe ina urefu wa kilomita 472 hivi hadi Nairobi. Ilijengwa na kampuni ya Kichina, na sehemu kubwa ya gharama ilikuwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya Uchina. Tangu ujenzi uanze, Wachina wamekuwa majirani na wateja wetu. Mtoto wa chekechea akimwona mmoja barabarani hupiga kelele, "Ni hao!" Naye hujibiwa, "Ni hao!" Basi mazungumzo huishia hapo.

Pamoja na reli likaja neno. Ukienda kwa kinyozi utalisikia, ukipanda matatu ya kwenda mjini utalisikia: "Vijana, someni Kichina, kazi ziko." Na si neno la vijiweni tu. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata Taasisi ya Confucius iliyokuwa ya kwanza barani Afrika. Mwaka huo huo Mwamaka Sharifu, msichana wa Siyu katika kisiwa cha Pate, alipata ufadhili wa kwenda Uchina kusomea tiba ya Kichina. Januari 2019 nayo Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ikatangaza mpango wa kufundisha Kichina kuanzia Gredi ya 4. Jamani, baada ya hayo yote ni kijana gani wa Miritini asiyetamani?

Sasa, ukishadai kwamba unajua Kichina, utaulizwa ushahidi. Ushahidi wenyewe ni mtihani uitwao Hanyu Shuiping Kaoshi, yaani mtihani wa kiwango cha lugha ya Kichina, ambao kila mtu huuita HSK. Ulianza kutengenezwa Beijing mnamo 1984, na mwaka 2010 ukapangwa upya katika madaraja sita. Katika mpango huo, daraja la 1 humtaka mtahiniwa ajue maneno 150, la 2 maneno 300, la 3 maneno 600, la 4 maneno 1,200, la 5 maneno 2,500 na la 6 maneno 5,000. Mwaka 2021 kilitangazwa kiwango kipya cha madaraja tisa, na anayetaka kufika kileleni mwake anahesabiwa maneno 11,092. Vyuo vikuu vingi vya Uchina hutaka angalau daraja la 4 kwa mwanafunzi atakayesomea shahada kwa Kichina.

Nakiri kwamba mtihani huu una uzuri wake, na mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Sisi tunaketi KCSE mara moja, mwisho wa miaka minne, na siku hiyo ukiwa na homa ya malaria basi bahati yako. HSK ni ngazi. Mtu hupanda kipandio akiwa tayari, akianguka hujipangusa vumbi akapanda tena. Haiulizi ulisoma shule gani wala babako ni nani. Mtoto wa mwuza mihogo wa Miritini na mtoto wa balozi huulizwa maswali yale yale. Hilo ni jambo la haki.

Lakini uzuri huo una kasoro ndani yake, na kasoro hiyo iliingia nyumbani kwetu.

Mama yangu ni mwuza viazi karai na bajia kando ya barabara. Zamu yake ya chama ilipofika, akapokea shilingi 12,000. Paa letu lilikuwa likivuja juu ya jikoni, lakini Mama akasema, "Maji ya mvua yatakauka. Elimu haikauki." Pesa zote akampa kaka yangu mkubwa, aliyekuwa amemaliza shule na kukaa tu, aende darasa moja mjini kusoma Kichina.

Kaka alisoma miezi minne. Mimi ndimi niliyekuwa nikimshikia karatasi usiku, kwa hivyo najua alivyofundishwa. Walipewa mitihani ya zamani, wakaifanya, wakasahihisha, wakaifanya tena. Mwalimu aliwafunza hila: ukisikia neno hili tafuta picha ya kikombe, ukisikia lile tafuta picha ya teksi. Katika daraja la 2 kuna maswali 60, 35 ya kusikiliza na 25 ya kusoma. Kumi na matano kati yake ni ya kujibu kweli au si kweli, na hapo hata mwenye kubahatisha anatarajia nusu. Mengine ni ya kuchagua au kuoanisha. Juu ya maandishi ya Kichina huwekwa pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi hizi zetu. Mtahiniwa haandiki herufi hata moja ya Kichina. Na zaidi ya yote, hafungui kinywa chake. Tangu anaingia chumba cha mtihani hadi anatoka, hakuna anayemsikia akisema neno.

Kaka alipita, tena alipita vizuri. Alama za kupita ni 120 kwa 200, naye akapata 176. Siku ya kuleta cheti nyumbani Mama alipiga vigelegele hadi jirani wakadhani kuna harusi. Cheti kikatiwa kwenye fremu, kikatundikwa ukutani.

Wiki chache baadaye Kaka akapata kazi katika duka moja la vigae mjini. Mwenye duka ni Mchina ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na alitaka mtu wa kumsaidia kwa wateja. Alipoonyeshwa cheti akafurahi.

Siku ya tatu akaja fundi mmoja kutoka Jomvu. Alikuwa amebakiwa na maboksi kumi ya vigae, akataka kuliuzia duka tena hata kwa bei ya chini. Kaka akageuka akamweleza tajiri. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika Kichina, neno "mai" likitamkwa kwa sauti inayoshuka kisha ikapanda, maana yake ni kununua. Neno hilo hilo "mai" likitamkwa kwa sauti inayoanguka ghafla, maana yake ni kuuza. Kwenye karatasi, Kaka alijua tofauti hiyo vizuri sana. Alama yake ndogo juu ya herufi alikuwa akiiona na kuitambua. Lakini ulimi wake haukuwahi kuizoea. Akasema fundi anataka kununua. Tajiri akatabasamu, akaita vijana wa stoo, wakatoa maboksi mengine kumi wakayapanga mbele ya fundi pamoja na risiti.

Fundi akapandwa na hamaki: "Wewe kijana wanifanyia mzaha? Mimi nimekuja kuuza, wanipa nyingine ninunue?" Tajiri naye akamwuliza Kaka jambo, maneno mengi kwa haraka. Kaka hakuelewa hata moja. Akatikisa kichwa kukubali na kutabasamu. Jioni ile akalipwa siku zake tatu, akaambiwa asirudi.

Alipofika nyumbani hakusema kitu. Alikishusha cheti ukutani akakiweka chini ya godoro. Paa nalo likaendelea kuvuja.

Wapo mtakaomcheka, na mimi mwenyewe siku nyingine hucheka nikilikumbuka lile lundo la vigae. Lakini hebu tujiulize, kosa ni la nani? Kaka hakuiba mtihani. Alisoma usiku na mchana. Tajiri naye alitaka mtu wa kazi, hawezi kulaumiwa. Na watungaji wa HSK hawakusema popote kwamba daraja la 2 ni cheti cha ukalimani. Maneno 300 ni ya kujuliana hali, kuuliza bei na kutaja saa. Tena mtihani wa kusema upo! Unaitwa HSKK, una madaraja matatu, na mtahiniwa huzungumza sauti yake ikarekodiwa kisha ikapewa alama. Kaka hakuambiwa habari zake katika miezi yote minne. Darasa lilitaka idadi ya waliopita, Mama alitaka cheti, Kaka alitaka kazi, na tajiri alitaka karatasi ya kumtuliza moyo. Sote tulikubaliana kimyakimya kwamba cheti ndiyo lugha. Hapo ndipo lilipo kosa.

Rai yangu ni hii: mtihani wa lugha usiopima ulimi hupima nusu ya lugha, na mwenye kuinunua nusu hiyo kwa bei ya nzima amepunjwa. Atakayetaka kupanda ngazi ya HSK, na apande, lakini ulimi wake upande pamoja naye kutoka kipandio cha kwanza.

Rafiki yangu wa dawati moja alinipinga nilipomsomea haya. Alisema, "Wewe wataka watu waongee tu bila mtihani? Basi kila mtu atajiita mjuzi. Debe tupu haliachi kuvuma." Hoja yake ina uzito na nitaijibu kwa kisa cha mteja wa Mama.

Kuna mama mmoja wa Kichina ambaye hununua viazi karai kwetu mara kwa mara. Hajawahi kufanya mtihani wowote wa Kiswahili. Alianza kwa kuonyesha kidole. Mwezi wa pili akasema, "Mama, viazi tano." Sasa hivi huja akasema, "Shikamoo Mama, leo ukwaju hauna pilipili ya kutosha, nipunguzie bei." Tena Mama humjibu, na huzozana wakacheka kama watu wa ukoo mmoja. Huyo ana ulimi bila cheti. Lakini siku moja alileta barua aliyoandikiwa na mwenye nyumba wake, barua ya Kiswahili, akamwomba Mama amsomee. Hakuweza kusoma hata mstari mmoja. Na lau angetaka kujiunga na chuo hapa, hana karatasi ya kuonyesha.

Kwa hivyo rafiki yangu hakukosea. Ulimi bila kusoma ni kilema, na kusoma bila ulimi ni kilema. Sisemi mitihani ifutwe, la hasha! Wachina wenyewe wanajua sana faida na hasara ya mitihani. Kwa miaka kama 1,300 walichagua maofisa wa serikali kwa mtihani wa maandishi, na uliwainua hata watoto wa watu wasio na jina. Lakini mwishowe watahiniwa wakawa wanakariri mtindo mmoja wa insha usiobadilika, na mwaka 1905 mtihani huo ukafutwa. Mtihani ukigeuka kuwa ndio lengo, elimu hutoka kwa mlango wa nyuma.

Sasa nafika pale nilipowaahidi. Nyani haoni kundule. Tumemcheka mtoto wa watu kwa "mai" na "mai", lakini sisi je?

Mwalimu wetu hutukumbusha kila mara kuhusu shadda. Neno "barabara" ukikazia silabi ya tatu ni njia ya magari. Ukikazia ya pili ni sawasawa kabisa. Ni nani aliyewahi kutupima kwa masikio kama tunaitofautisha? Kiswahili cha KCSE kina karatasi tatu: Insha, Lugha na Fasihi. Zote ni za kuandika. Wenzetu wanaosoma Kifaransa wana karatasi ya kuzungumza, huketi mbele ya mtahini wakaulizwa na kujibu. Lugha ya wageni inapimwa kwa mdomo, na lugha ya taifa yapimwa kwa kalamu tu. Ndiyo sababu tunaona mwanafunzi aliyepata A ya Kiswahili akisimamishwa gwarideni kuwakaribisha wageni, akaanza kutokwa na jasho: "Wageni waalikwa... eeh... so... yaani..." Sisemi ni nani. Mwenye macho haambiwi tazama.

Na je, mgeni akitaka kujipima Kiswahili, tumemwekea ngazi gani inayojulikana pembe zote za dunia kama HSK? Wachina walianza kutangaza kwa Kiswahili katika redio yao ya Beijing mwaka 1961, kabla Kenya haijapata uhuru. Walijifunza lugha yetu. UNESCO mwaka 2021 ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Sherehe tunazo, nyimbo tunazo, fulana tunazo. Ngazi iko wapi? Yule mama wa viazi karai angeipanda kesho.

Basi sitaki kulalama tu bila kutoa dawa. Nina mapendekezo matatu.

Kwanza, kwa wenzangu wanaofikiria Kichina: kabla hujalipa hata senti moja, mwulize mwalimu, "Je, utaniandaa kwa HSKK pia?" Akigugumia, tafuta mwingine. Na kila neno unalolisoma liseme kwa sauti, hata kama nyumbani watadhani umechanganyikiwa.

Pili, tusifanye pupa. Matokeo ya HSK yakitumiwa kuombea masomo Uchina huhesabiwa kwa miaka miwili tu tangu tarehe ya mtihani. Ukikimbilia cheti leo na huna pa kukipeleka, kitaisha nguvu kikiwa kwenye fremu. Haraka haraka haina baraka.

Tatu, na hili ndilo kubwa, Chama chetu cha Kiswahili kianzishe ngazi yake ya kusema hapa hapa shuleni. Haihitaji pesa. Daraja la kwanza: mtu ajue kusalimu kwa heshima, kununua na kuuliza njia. Daraja la pili: asimulie tukio alilolishuhudia, na aweze kumwelekeza mgonjwa hadi hospitali bila kumpoteza. Daraja la tatu: atetee hoja kwa dakika kumi bila kuchanganya lugha, huku akikatizwa na maswali. Tuanze na sisi wanachama, kisha tuwaalike majirani wetu Wachina wanaotaka kujipima. Watahini wawe walimu wetu wawili, na wa tatu awe mtu wa nje ya shule, kwa mfano mama wa sokoni. Nawahakikishia, yule wa tatu ndiye atakayekuwa mkali zaidi.

Kabla sijaweka kalamu chini, huenda mnataka kujua Kaka aliishia wapi. Sasa anaendesha bodaboda, huchukua abiria wa treni pale stesheni. Akipata abiria Mchina humwongelesha njia nzima. Mwanzoni walimcheka, siku hizi humsahihisha. Juzi alinisimamisha mlangoni akasema, "Hebu sikia." Akalitamka "mai" la kwanza, kisha "mai" la pili. Kwa mara ya kwanza mimi, nisiyejua Kichina, nikasikia maneno mawili. Ameanza kujiandaa kwa daraja la 3 pamoja na HSKK. Cheti kile cha zamani bado kiko chini ya godoro, na anasema hakitundiki tena hadi kiwe na mwenzake.

Zamu ya Mama ya chama inakaribia tena. Juzi usiku aliniita jikoni, akiwa amekinga sufuria chini ya pale panapovuja.

"Mwanangu," akasema, "na wewe wataka Kichina?"

Nikamwambia, "Nataka, Mama. Lakini safari hii tengeneza paa kwanza. Mimi Kaka atanianzishia nyuma ya pikipiki, na yule mteja wako atanisahihisha hapa mezani. Siku nitakapoweza kumwuzia viazi kwa Kichina bila kukosea bei, hapo nitakuomba pesa ya mtihani."

Mama alinyamaza kidogo, akacheka. "Na ukikosea bei?"

"Nitalipa mimi."

Wasomaji wapendwa, hayo ndiyo maoni yangu. Asiyekubaliana nami na achukue kalamu. Au, afadhali zaidi, aje tuzungumze ana kwa ana.



(Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.)